Jumamosi za Kumpeleka Mama Mtoni

Juzi mwenzangu mmoja ofisini alilalamika kwamba bega linamuuma, akatoa kichupa kwenye mkoba wake na kuanza kujipaka pale pale mezani. Harufu ilinifikia kabla sijageuka. Karafuu, na ule ubaridi wa mnanaa unaopanda puani mpaka machozi yanatoka. Wenzangu walifungua madirisha huku wakimtania kwamba ananukia kama bibi yake. Mimi nilisema naenda kunywa maji, nikatoka, nikasimama uani nyuma ya ofisi, na nilipokuwa huko ndipo nikagundua kwamba nimekunja ngumi. Sikuwa na huzuni. Najua watu wengi wakikutana na harufu ya nyumbani kwao zamani hupatwa na huzuni fulani tamu. Mimi nilikuwa na hasira, ile ile ya mtoto wa darasa la nne aliyefanya kila kitu alichoona kinapaswa kufanywa, na bado mambo hayakwenda.

Mafuta yale tulikuwa tunampaka mama. Upande wote wa kulia, kuanzia begani mpaka kwenye vidole vya mguu, asubuhi na jioni. Ninyi wa rika langu mtayakumbuka, yalikuwa yanauzwa kila duka la dawa, na kila mgonjwa wa aina yoyote aliletewa chupa.

Tulikuwa tunaishi Maili Moja, Kibaha, nyuma ya maduka, nyumba ya kupanga yenye kiwanja kidogo cha saruji. Wazazi wangu ni watu wa Kyela, walihamia huku kwa ajili ya kazi. Baba alifanya kazi Dar, anatoka kungali giza na kurudi giza limeshaingia, kwa hiyo kwa muda mrefu nilimjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Mama alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali pale pale Kibaha. Alikuwa mwanamke wa kutembea haraka. Nikienda naye sokoni ilinibidi nikimbie nyuma yake, na akigeuka huniambia, "Bupe, unahesabu mawe?" Kisha hucheka na kuendelea na mwendo wake ule ule.

Asubuhi moja alianguka bafuni. Kaka yangu Lusajo, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani akisubiri matokeo, ndiye aliyevunja mlango. Mama alirudi kutoka hospitali baada ya muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka, na watu wote walikuwa wanasema neno moja: amepooza. Mimi neno hilo nilikuwa nalijua kwenye chai. Chai ikiwa ya moto mno, mama alikuwa anaipooza kwa kuimimina kutoka kikombe kimoja kwenda kingine. Nikaelewa basi kwamba mama amepoa upande mmoja, na kwamba kazi yetu ni kumpasha moto. Ndiyo maana sikuwahi kuchoka kumpaka mafuta. Nilimsugua mpaka viganja vyangu vikawaka, nikimshika kila mara kuona kama amepata joto, na kila mara nilimkuta ana joto la kawaida kama mtu mwingine yeyote. Hilo lilinichanganya sana. Mkono una joto, sasa kwa nini hauamki?

Maneno nayo yalikuwa yanamponyoka. Aliweza kusema, lakini yalitoka yamebadilishana nafasi. "Bupe, niletee dirisha," na anataka glasi ya maji. Akiligundua kosa alifunga macho na kuuma mdomo wa chini, upande ule ulioweza kuumwa. Na haya yote aliyafanya mbele za watu, kwa sababu nyumba yetu ilijaa wageni. Watu wa kanisani, watu wa ofisini, majirani, majirani wa majirani. Walikaa sebuleni wakamtazama na kuzungumza juu yake kana kwamba hayupo. "Alikuwa mchangamfu huyu." "Kabisa, alikuwa." Mama alikaa kwenye kochi amefunikwa kitenge, anaangalia ukutani.

Shangazi yangu Tusekile, dada yake baba, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kibuta, Kisarawe. Alikuja mwisho wa wiki moja, akapika, akafua, akamwosha mama, na jioni akakaa na baba uani. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo, dirisha liko wazi.

"Kaka, huwezi," alisema shangazi. "Unatoka alfajiri. Lusajo ndiyo huyo anashinda na simu. Bupe bado mdogo. Nani anamwangalia wifi?"

"Daktari amesema atembee. Akitembea atarudi."

"Atembee aende wapi, humu ndani?"

Baba alisogeza kiti chake. "Tuone mpaka shule zikifunguliwa Januari. Akiweza kwenda mahali na kurudi kwa miguu yake, bila kushikwa na mtu, tutabaki hivi hivi. Asipoweza, itabidi aende Kyela kwa mama yake. Na Bupe utamchukua wewe."

Sikuwa na ubaya wowote na shangazi. Alikuwa mtu mwema, na ni mtu mwema mpaka leo. Lakini mimi Kibuta sikukutaka. Nilikuwa nimewahi kwenda huko kwa likizo: mihogo, mikorosho, njia ya mchanga mwekundu unaoingia mpaka kwenye soksi, na usingizi wa mapema. Nilikausha sahani moja ile ile mpaka shangazi akaingia na kuuliza naifanya nini.

Siku chache baadaye nilimsikia mama akizungumza na bibi kwa simu, kwa Kinyakyusa, lugha ambayo mimi nilikuwa naielewa nusu nusu. Maneno ya nyumbani hayakumponyoka kama ya Kiswahili. Alikuwa analia kidogo na kucheka kidogo, na nikasikia, au nilidhani nimesikia, akisema kwamba angekuwa nyumbani angetia miguu mtoni na kupona. Ni maneno ya mtu aliyekumbuka kwao tu. Lakini mimi niliyachukua kama maelekezo ya daktari. Na bahati ni kwamba mto ulikuwepo.

Kulikuwa na bustani kubwa ya kupumzikia, kando ya mto unaotutenganisha na Dar. Wenzangu wa darasani walikuwa wameshapelekwa na wazazi wao. Mto wenyewe nilikuwa nimeuona mara moja tu, wakati wa masika, kutoka darajani, umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayokwenda kwa kelele. Na kwenye bango la getini walikuwa wamechora boti ya bluu juu ya maji ya bluu, na ndege mweupe mwenye shingo ndefu. Nilimwambia baba kwamba mama apelekwe bustanini akafanye mazoezi, hewa ni nzuri. Sikumtajia mto. Baba alinitazama kama aliyeshangaa kuona ninazungumza, akasema, "Wazo zuri hilo." Ikawa kila Jumamosi tunapanda bajaji, mama, Lusajo na mimi.

Bustani ilikuwa kubwa kweli. Kutoka getini njia ya vigae ilipita kwenye majani yaliyokatwa, ikazunguka tangi la maji, ikapita kwenye bembea za watoto, kisha kwenye uwanja ambao maharusi walikuwa wanakuja kupigia picha, kisha ikaingia kwenye mianzi minene. Baada ya mianzi, kila mtu aliniambia, ndiko kuna mto. Kutoka getini hukuuona. Ulikuwa unaona mianzi tu, kijani kizito, inatikisika juu.

Jumamosi ya kwanza tulifika kwenye benchi lililo karibu na geti, tukaishia hapo. Mama alikaa, akatoa pumzi, akasema, "Leo inatosha." Nilidhani anatania. Mianzi ilikuwa pale pale, mimi ningekimbia na kurudi kabla hajamaliza sentensi. Lusajo alikuwa ameshakaa na vijana wa bodaboda getini wanacheza drafti. "Oya dogo, usimpelekeshe maza," aliniambia. "Mdogo mdogo tu." Yeye alikuwa na miaka yote ya kungoja. Mimi nilikuwa na mpaka Januari.

Na kulikuwa na Bi Mwanahawa. Huyu alikuwa mlinzi wa bustani, mama mtu mzima, mwenyeji wa huku huku, anavaa sare ya kaki na mtandio, na shingoni ana filimbi. Ile filimbi ndiyo iliyonitia wazimu. Nilikanyaga majani mara moja tu ili nikate kona, ikalia mpaka ndege wakaruka.

"We mtoto! Majani hayo yamepandwa, hayakuota! Toka!"

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Toka."

Nilitoka. Kisha nikamwuliza, kwa sababu nilitaka uhakika, "Bibi, mto uko mbali?"

"Mto upo," alisema. "Utakwenda wapi mto?"

Jibu hilo lilinitosha. Nililishika kama mtu anavyoshika mkono wa mtu mwingine gizani.

Alianza kukaa na mama. Hilo nalo lilinikera kupita kiasi. Tukifika tu, Bi Mwanahawa anakuja, anakaa kwenye benchi letu, anavua viatu, na wanaanza kuzungumza. Yeye hakumhurumia mama. Mama akikosea neno, alimsahihisha waziwazi, "Siyo sufuria, mwanangu, sema mwavuli," na mama anasema mwavuli, na wote wawili wanacheka kana kwamba hawana kazi ya kufanya. Jua linapanda. Mimi nimesimama pembeni nimeshika mfuko wenye chupa ya maji na kichupa cha mafuta. Nilimvuta mama kitenge. "Mama, twende." "Kaa kidogo, Bupe." "Mama, tutachelewa." "Tunachelewa wapi?" Sikuweza kumwambia. Nilikuwa na imani kwamba nikisema kwa sauti, haitafanya kazi.

Jumamosi moja tulifika kwenye tangi. Iliyofuata tukarudi nyuma, kwa sababu mguu ulimvimba, tukaishia benchi la kwanza tena. Kuna Jumamosi hatukwenda kabisa, mwenye bajaji alikuwa na msiba. Kuna siku tulikaribia bembea na mama akiwa amechangamka, anaburuza ule mguu kwa mkongojo wake kama anayefagia njia, mara wakatokea maharusi na matarumbeta, na watu wa video wakatuambia tusubiri pembeni mpaka wamalize. Tulisubiri. Bibi harusi alizungushwa huku, akazungushwa kule, akaambiwa atembee taratibu kumwelekea bwana harusi, akaambiwa arudie. Mama alikuwa amesimama kwenye jua ameegemea mkongojo, mguu unatetemeka. Walipomaliza alikuwa hana nguvu hata ya kufika kwenye bembea. Njiani kurudi nilimwaga machozi ya hasira ndani ya bajaji, na Lusajo akauliza, "Huyu naye vipi?" Mama akasema, "Anataka bembea." Nilimwangalia. Nilikuwa na umri wa kutosha kutotaka bembea. Ilinichoma kwamba hanijui kiasi hicho.

Nyumbani baba alikuwa anauliza, "Leo mmefika wapi?" Nikimwambia, anatikisa kichwa, kama mtu anayejumlisha jambo kimoyomoyo na jibu halimfurahishi. Shangazi alipiga simu, nikamsikia baba akisema, "Bado, lakini siyo haba." Nilianza kuzihofia simu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa ilikuwa ya joto la ajabu. Mwaka ule vuli haikunyesha. Kila mtu alikuwa analalamikia hilo, mpaka kanisani iliombewa mvua, lakini kichwani mwangu mvua na mto havikuwa na uhusiano wowote. Mvua inatoka juu, mto uko chini. Mama aliamka mapema, akajifunga kilemba mwenyewe kwa mkono mmoja. Tulipofika bustanini hakukaa benchi la kwanza. Akapita tangi. Akapita bembea, akapumzika hapo kwa muda mfupi tu. Uwanjani kulikuwa na harusi tena, kubwa kuliko zote, lakini walikuwa wanakula, viti vya plastiki vimefungwa utepe wa zambarau, na njia ilikuwa wazi. Tukapita katikati ya harufu ya pilau. Sikumgusa mama. Nilitembea kando yake nikiwa nimebana pumzi, kana kwamba nikipumua kwa nguvu ataanguka. Tukaingia kwenye mianzi. Mle ndani kulikuwa na ubaridi, na majani makavu yanalia chini ya miguu, na nikaanza kukimbia.

Nilitokea upande wa pili na sikuuona mto.

Niliona mchanga. Bonde pana la mchanga mweupe, lenye kingo za udongo pande zote mbili, linapinda na kupotea. Kwato za ng'ombe zimeacha mashimo kila mahali. Mbali kidogo vijana wanacheza mpira, wameweka matawi kuwa magoli. Wanawake wawili wamechimba shimo na wanachota maji kwa kopo, kidogo kidogo, wakijaza ndoo. Na boti ilikuwepo, ya bluu kama kwenye bango, imelala ubavu kwenye mchanga, ndani imejaa majani ya mianzi.

Bi Mwanahawa alikuwa ametufuata. Nilimgeukia nikapiga kelele bila adabu, bila shikamoo.

"Ulisema mto upo!"

"Si huo hapo?" alisema, akionyesha kwa kidevu. "Mto ni huo. Maji ndiyo hayapo."

Kuna hasira ambayo mtu mzima haipati tena, nadhani mwili wa mtu mzima hauwezi kuibeba. Nilishuka ule ukingo kwa matako, nikaenda mpaka katikati ya mchanga, nikaanza kuupiga mateke. Niliupiga, nikaupiga kwa ngumi, nikapiga kelele ambazo hazikuwa maneno. Vijana wa mpira walisimama. Mchanga uliniingia machoni na mdomoni. Kisha nikasikia filimbi, ndefu, na nilipofuta macho nikamwona mama katikati ya ukingo, anashuka. Mkongojo umeshamponyoka. Alikuwa anashuka kwa kukaa, akijisukuma kwa mkono wa kushoto, kitenge kimepanda magotini, na alipofika chini akajiburuta mpaka karibu yangu, akakaa juu ya mchanga akihema. Akavua kiatu cha mguu ule mbovu kwa mkono wake mzima, akauweka mguu kwenye mchanga. Nikafikiri, anajaribu. Hakuna maji lakini anajaribu hivyo hivyo. Nikautazama mguu wake, nikingoja.

Hakuna kilichotokea. Mchanga ulikuwa wa moto, akauondoa mguu.

Kisha akataka kusimama, na hakuweza. Nilimvuta, tukaanguka wote. Alijaribu kwa kupiga magoti, akaanguka kwa ubavu. Lusajo alikuja anakimbia, filimbi ilikuwa imemfikia mpaka getini. "Maza, panda mgongoni, fasta, twende zetu."

"Sibebwi," alisema mama. Neno hilo lilitoka safi kabisa.

"Sasa utapandaje huko juu?"

"Nimesema sibebwi, Lusajo."

Akajaribu tena. Alifika mpaka kwenye ukingo, akashika mizizi, akapanda kidogo, akateleza akarudi chini na udongo wake. Alifanya hivyo mara kadhaa na hakuna aliyethubutu kumgusa. Jua lilikuwa utosini. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mwishowe Bi Mwanahawa aliondoka bila kusema kitu, na aliporudi alikuwa na wanaume wanne wa kamati ya harusi, wamevaa suti zilizofanana na maua kifuani, na mmoja amebeba kiti cha plastiki chenye utepe wa zambarau. Walimwamkia mama. Walikuwa na adabu sana, nawakumbuka kwa adabu zao. Walimkalisha kwenye kiti, wakakinyanyua kiti, wakampandisha. Na kule juu wale wa matarumbeta, ambao hawakujua lolote zaidi ya kwamba mtu anapandishwa kwenye kiti cha harusi, walipiga. Watu walishangilia. Mpiga video alirekodi. Mama alipitishwa katikati ya uwanja wote ule, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, uso ameufunika kwa kilemba chake.

Mpaka leo huwa nafikiri kwamba kwenye kabati la watu fulani nisiowajua kuna mkanda wa harusi ambao mama yangu yumo.

Baba aliambiwa jioni ile ile, na Lusajo. Nilisimama mbele yake kabla hajavua viatu.

"Alifika, baba. Alifika mtoni kwa miguu yake. Hakushikwa."

"Najua, mwanangu."

"Ulisema akiweza kwenda."

"Nilisema kwenda na kurudi," alisema baba. "Amerudije?"

Nilimchukia kwa swali lile, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa analia alipokuwa anauliza.

Wiki ile mama alipandishwa basi la Kyela pamoja na mjomba, na mimi shangazi akaja kunichukua. Kibuta palikuwa vile vile nilivyopajua. Nilisoma shule aliyofundisha shangazi, nikajifunza kubangua korosho bila kuungua vidole, nikapata marafiki, nikanenepa. Kila niliposikia mama anaendelea vizuri nilifunga begi langu. Na aliendelea vizuri kweli. Masika moja ilipita, na nyingine, na mama akarudi Maili Moja anatembea na mkongojo, akarudi kazini, maneno yote yako mahali pake. Nilidhani naenda nyumbani. Wakubwa wakasema, "Bupe ameshazoea shule, tusimhangaishe, amalize darasa la saba." Hakuna aliyeniuliza. Nilipokuja kurudi nilikuwa msichana mrefu anayebisha hodi kwenye mlango wa kwao, na mama alikuwa na namna ya kuweka vyombo jikoni ambayo mimi sikuijua.

Haya yote sikuwahi kuyazungumza naye. Lakini baada ya siku ile ya ofisini nilikwenda kumtembelea. Amestaafu sasa, baba hayupo tena, anaishi na mjukuu wake mmoja mtoto wa Lusajo. Tulikuwa tunachambua mchicha uani. Nikamwuliza kama alikuwa anajua, zile Jumamosi zote, kwamba mto hauna maji.

"Nilijua siku ya kwanza," alisema. "Bi Mwanahawa aliniambia tulipokaa tu. Ilikuwa kiangazi, Bupe. Wewe ulitegemea nini?"

"Sasa kwa nini tulikuwa tunakwenda?"

"Mimi nilikuwa nakimbia wageni. Pale bustanini hakuna aliyenijua, nakaa kwenye benchi langu, hakuna wa kunipa pole. Wewe ndiye uliyekuwa na haraka. Nikawa najiuliza, huyu mtoto anakimbilia nini huko mianzini." Alitupa shina la mchicha pembeni. "Siku ile ya mwisho nikasema, ngoja nimfikishe aone, roho yake itulie."

Nilihisi masikio yananiwaka. Kwa hiyo siyo mimi niliyekuwa nampeleka. Nilimwambia kwamba hata hivyo alishuka, kwamba nilimwona kwa macho yangu akivua kiatu na kuweka mguu mchangani, kama mtu anayetafuta kupona.

Mama akatingisha kichwa.

"Kiatu kilikuwa kimejaa mchanga," alisema. "Na kushuka nilishuka kwa sababu ulikuwa unalia. Ningekuacha ulie peke yako kule chini?"

Akaendelea kuchambua mchicha. Mimi nilikaa pale na fungu langu mikononi, mwanamke mzima mwenye kazi na watoto, nimekasirika mpaka kifua kinauma, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kumkasirikia.